Bendi kongwe ikirudi kwenye bluzi, watunzi nao watajwe

Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo wapenzi wa muziki wamekuwa wakilizungumza juu juu kwa muda mrefu, nalo ni hili la bendi kongwe za roki kurejea kwenye bluzi, muziki uliozilea. Ninaizungumzia hasa Rolling Stones ya Uingereza na albamu yake iitwayo Blue & Lonesome, iliyotoka tarehe 2 Desemba 2016, kwa sababu ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu, na kwa sababu hukumu zinazotolewa juu yake hadi leo haziwatendei haki watu waliozitunga nyimbo hizo.

Wapo wanaosema kwamba bendi inayotoa albamu yenye nyimbo 12 bila hata moja iliyoitunga yenyewe imekwisha kukiri kuwa haina jipya la kusema. Wapo pia, na hawa hoja yao ina uzito zaidi, wanaouliza ni kwa haki gani wazee matajiri wa Kiingereza wanaimba dhiki za watu weusi wa kusini mwa Marekani, kisha wanapewa tuzo kwa kazi hiyo. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeliacha swali lenyewe. Bendi yoyote inayorudi kwenye bluzi inapaswa kuulizwa kama wenye nyimbo wametajwa, kama wamelipwa, na kama msikilizaji ameonyeshwa njia ya kuwafikia. Kwa kipimo hicho albamu hii ni kazi ya heshima, tena ni ya heshima kuliko baadhi ya kazi ambazo wanamuziki hao hao walizifanya ujanani na ambazo leo husifiwa bila masharti.

Inafaa kukumbuka bendi hii ilianzaje. Mick Jagger na Keith Richards, waliofahamiana tangu shule ya msingi huko Dartford, walikutana tena mwezi Oktoba 1961 kwenye stesheni ya treni ya mji huo, na kilichowaunganisha ni santuri alizokuwa amezikumbatia Jagger, zikiwamo za Chuck Berry na Muddy Waters, zilizotolewa na kampuni ya Chess ya Chicago. Santuri za namna hiyo zilikuwa adimu Uingereza wakati huo, na kijana aliyezitaka alilazimika kuziagiza kwa posta kutoka ng'ambo. Brian Jones, aliyekuwa hodari wa kulipiga gitaa kwa kutelezesha kipande cha chuma au cha chupa juu ya nyuzi, ndiye aliyewakusanya wenzake mwaka 1962, na jina la bendi akalichukua katika wimbo ambao Muddy Waters aliurekodi mwaka 1950. Onyesho lao la kwanza kwa jina hilo lilifanyika tarehe 12 Julai 1962 katika klabu ya Marquee, Oxford Street, London. Charlie Watts, mpiga dramu aliyekuwa akiupenda muziki wa jazi kuliko kitu kingine chochote, alijiunga nao Januari 1963. Vijana hao hawakuwa wameanza kutunga nyimbo. Walichotaka ni kuwafanya watu wa London wawasikie Muddy Waters, Jimmy Reed na Howlin' Wolf.

Na hao waliokuwa wakiigwa walikuwa watu wa namna gani? Muddy Waters, ambaye jina lake la kuzaliwa ni McKinley Morganfield, alikuwa kibarua katika shamba kubwa la pamba la Stovall, karibu na Clarksdale katika jimbo la Mississippi, ambako mwaka 1941 mtafiti wa muziki wa asili Alan Lomax alimrekodi kwa niaba ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Miaka miwili baadaye alipanda treni kwenda Chicago, akiwa mmoja wa takriban watu weusi milioni 6 walioyahama majimbo ya kusini kati ya miaka ya 1910 na 1970 kwa kukimbia ubaguzi na kutafuta kazi za viwandani. Chicago gitaa lake la kawaida halikusikika katika kelele za baa, hivyo akalibadilisha kwa gitaa la umeme, na mabadiliko hayo yaliyotokana na haja ya kusikika tu ndiyo yaliyozaa sauti ambayo baadaye iliitwa roki ilipofika mikononi mwa vijana wa Kiingereza. Howlin' Wolf, yaani Chester Burnett, naye alizaliwa Mississippi. Little Walter, yaani Marion Walter Jacobs, alitoka Louisiana. Hakuna hata mmoja wao aliyeupata muziki huu kwa posta.

Vijana wa London walipopata umaarufu, kwanza walifanya jambo jema. Mwezi Juni 1964 walikwenda kurekodi katika studio za Chess zenyewe, nambari 2120 South Michigan Avenue, Chicago. (Keith Richards amesimulia mara nyingi kwamba siku hiyo walimkuta Muddy Waters juu ya ngazi akipaka rangi dari ya studio, lakini Marshall Chess, mtoto wa mmoja wa ndugu wawili waliokuwa na kampuni hiyo, amelikanusha jambo hilo, nami naona ingekuwa afadhali waandishi waache kulirudia, maana linampunguza mtu aliyekuwa nguzo ya kampuni.) Mwezi Desemba mwaka huo huo wimbo wa Willie Dixon uliokuwa umerekodiwa na Howlin' Wolf mwaka 1961, ule wa jogoo mwekundu uitwao Little Red Rooster, ulipanda hadi nafasi ya kwanza katika chati ya Uingereza ukiimbwa na Rolling Stones, bila kulainishwa na bila kuongezwa mwendo. Mwezi Mei 1965, walipoalikwa katika kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho Shindig!, walitaka Howlin' Wolf naye apewe nafasi ya kuimba, na wakakaa kitako jukwaani wakimtazama. Alikuwa na umri wa miaka 54, na kwa watazamaji wengi weupe wa nchi yake mwenyewe hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona. Naliheshimu sana tendo hilo.

Lakini historia haiishii hapo, na wanaoisimulia kwa kuishia hapo wanatupotosha. Mwaka 1968 bendi hiyo ilitoa albamu yenye wimbo wa mwana mpotevu, ulioandikwa kuwa ni utunzi wa Jagger na Richards, ilhali mtunzi wake alikuwa Robert Wilkins, mpiga bluzi wa Mississippi na Memphis aliyekuwa amegeuka mhubiri, na ambaye wakati huo alikuwa hai. Kosa hilo lilirekebishwa baadaye, lakini matoleo ya kwanza yalikwisha kuenea duniani bila jina lake. Mwaka uliofuata walirekodi wimbo wa Robert Johnson uitwao Love in Vain, na mahali pa jina la mtunzi likaandikwa jina jingine kabisa, Woody Payne. Robert Johnson alifariki mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27, akiwa ameacha nyimbo 29 alizozirekodi San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, na kwa kuwa hakuwapo wa kumsemea, nyimbo zake zilichukuliwa kana kwamba hazina mwenyewe. Shauri la wimbo huo na mwingine wa Johnson uliorekodiwa na bendi hiyo lilifika mahakama ya rufaa ya Marekani, na mwaka 2000 mahakama ikaamua kwamba kutolewa kwa santuri katika miaka ya 1930 hakukuzifanya nyimbo hizo ziwe mali ya umma. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita tangu albamu itoke.

Sisemi hayo ili kuwabebesha Rolling Stones lawama ya biashara nzima ya muziki. Led Zeppelin, bendi nyingine ya roki ya Uingereza, walishtakiwa na Willie Dixon mwaka 1985 kwa kutumia maneno yake katika wimbo wao maarufu Whole Lotta Love, na shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Wala dhuluma haikutoka Uingereza peke yake, kwani Dixon na Muddy Waters, katika miaka ya 1970, walilazimika kuishtaki kampuni ya Arc Music, iliyomiliki hakimiliki za nyimbo zao na iliyokuwa na uhusiano wa karibu na Chess yenyewe. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya mtu asiyejua na mtu anayejua. Vijana wa Rolling Stones walizijua santuri hizo kwa majina, kwa nambari na kwa rangi za lebo zake, nao walikuwa na uwezo kuliko mtu yeyote wa kuhakikisha kwamba jina la kila mtunzi linaandikwa inavyostahili. Penye nia ya kufuatilia, haki ilipatikana. Waliporekodi wimbo wa Fred McDowell katika albamu yao ya mwaka 1971, Chris Strachwitz, mwenye kampuni ndogo ya santuri ya Arhoolie, alimpigania mzee huyo mpaka mrabaha wake ukalipwa. McDowell alifariki mwaka 1972, baada ya kuyaona matunda ya kazi yake.

Kwa hiyo, Mhariri, ninapoisikiliza albamu ya mwaka 2016 ninaisikiliza nikiwa na kumbukumbu hizo zote. Ilirekodiwa kwa siku 3 tu, mwezi Desemba 2015, katika studio ya British Grove, magharibi mwa London. Bendi ilikuwa imekwenda pale kufanya kazi ya nyimbo zake mpya, na ili kuzoea sauti ya chumba wakapiga wimbo mmoja wa Little Walter, ule ambao hatimaye uliipa albamu jina. Walipousikiliza wakaona kwamba umewakalia vizuri, wakapiga mwingine, kisha mwingine. Jagger alikuwa na miaka 72, Watts 74, mpiga gitaa Ronnie Wood 68, na Richards alikuwa amebakiza siku chache atimize 72. Mtayarishaji alikuwa Don Was. Besi ilipigwa na Darryl Jones, mzaliwa wa Chicago aliyewahi kufanya kazi na Miles Davis, na kwenye piano alikuwapo Chuck Leavell.

Haraka hiyo imewafanya watu fulani waione kuwa ni kazi ya kulipua, nami naona wamekosea. Rekodi za Chess zenyewe zilifanywa hivyo hivyo. Wanamuziki walikusanyika katika chumba kimoja, maikrofoni zikiwa chache, sauti ya dramu ikiingia katika maikrofoni ya mwimbaji na sauti ya gitaa ikiingia katika ya dramu, na wimbo ukaisha kwa majaribio machache. Ukitenganisha kila chombo na kukirekodi siku yake, kama studio nyingi zinavyofanya leo, unapata usafi lakini unapoteza kule kusikilizana ambako ndiko roho ya bluzi. Katika Blue & Lonesome unasikia mtu akingojea mwenzake amalize. Richards na Wood wanapishana kwa magitaa yao bila mmoja kumfunika mwingine, na Watts, ambaye angeweza kupiga kwa nguvu kama alivyokuwa akipiga katika viwanja vya mpira, anajizuia muda wote na kuliacha pigo lichelewe kidogo tu, kwa kiasi ambacho huwezi kukiandika kwenye karatasi. Hiyo ndiyo albamu ya mwisho ya studio ya bendi hiyo iliyotolewa akiwa hai. Alifariki Agosti 2021, na mimi nafurahi kwamba kazi hiyo ilikuwa ya muziki aliouelewa vizuri namna hiyo.

Umbo la bluzi ya Chicago huonekana jepesi kwa asiyelijaribu. Mara nyingi ni mzunguko wa vipande 12, kila kimoja chenye mapigo manne. Mstari wa kwanza huimbwa, hurudiwa, na wa tatu huwajibu hao wawili, na baada ya kila mstari mwimbaji hunyamaza ili chombo nacho kiseme la kwake. Kwa kuwa umbo halibadiliki, hakuna mahali pa kujificha, na msikilizaji anatambua mara moja kama mtu anayeimba anayaamini maneno yake. Ndiyo maana nasema kwamba aliyetoa jasho zaidi katika albamu hii ni Jagger, tena kwa harmonika kuliko kwa sauti yake.

Naomba nieleze kidogo juu ya chombo hicho, kwa sababu nyimbo 4 kati ya 12 zimetoka katika rekodi za Little Walter, na bila kumwelewa yeye huwezi kuielewa albamu. Harmonika ni kinanda kidogo cha mdomo, na wapigaji wa bluzi huitumia kinyume na makusudio ya waliokitengeneza. Huchukua iliyopangwa kwa ufunguo wa C na kuipiga katika wimbo wa ufunguo wa G, ili noti zenye uzito zipatikane kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kupuliza, kwa maana noti ya kuvuta huweza kupindwa kwa ulimi na koo mpaka ikalia kama mtu. Little Walter aliongeza jambo jingine. Aliishika harmonika pamoja na maikrofoni ndani ya viganja vyake, akavifumba, na kupitisha sauti katika amplifaya iliyofunguliwa hadi ikaanza kukwaruza. Kilichotoka hakikuwa tena sauti ya chombo cha watoto. Wakati mwingine kilifanana na tarumbeta, wakati mwingine na saksafoni, na wakati mwingine hakikufanana na chochote kilichowahi kusikika kabla yake. Wimbo wake wa ala tupu wa mwaka 1952, Juke, ulikaa juu ya chati ya muziki wa watu weusi wa Marekani kwa majuma 8. Alifariki Chicago mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 37 tu.

Jagger hamfikii. Hakuna anayemfikia. Lakini anapiga kama mtu aliyezisikiliza rekodi zile kwa miaka 50 na ushei na bado anaziogopa kidogo, na woga huo wa heshima unamfaa. Katika wimbo uliobeba jina la albamu anashusha pumzi ndefu za kuvuta ambazo zinayakamilisha maneno pale sauti yake inapokoma, na hapo ndipo nilipoamini kwamba mwanamuziki huyu, ambaye watu wengi wanamjua kwa kukimbia jukwaani, alikuwa na kitu alichokiweka akiba maisha yake yote. Katika wimbo wa Howlin' Wolf uitwao Commit a Crime anafanya busara ya kutojaribu kuunguruma kama mwenyewe, maana sauti ya Wolf haikuwa ya kuigwa. Badala yake anauimba kwa hasira kavu, na gitaa linalorudia sentensi ile ile fupi mwanzo hadi mwisho linabeba vitisho vilivyobaki.

Si kila kitu kimefaulu. Eric Clapton, ambaye alikuwa katika studio hizo hizo akishughulikia albamu yake mwenyewe, aliingia na kupiga gitaa katika nyimbo 2, na mojawapo ni I Can't Quit You Baby, utunzi wa Willie Dixon ambao Otis Rush aliurekodi mwaka 1956 akiwa kijana mdogo. Ukelele wa Rush anaoufungulia wimbo huo ni miongoni mwa sauti za kutisha zaidi zilizowahi kunaswa na maikrofoni, na nadhani ingekuwa hekima kuuacha ulivyo. Clapton anapiga vizuri, kama siku zote, lakini wimbo unageuka kuwa maonyesho ya gitaa na unapoteza kile kilichokuwa kikimuumiza mwimbaji.

Nikirudi kwa wale wanaosema kwamba albamu isiyo na utunzi mpya ni dalili ya kuishiwa, ningependa watafakari jambo moja la kimalipo. Rekodi inapouzwa au kuchezwa, mrabaha wa utunzi huenda kwa mwenye hakimiliki ya wimbo wala si kwa aliyeuimba. Bendi yenye wasikilizaji wengi kama hii ingeweza kuchanganya nyimbo 6 za watu na 6 za kwao, kama ambavyo bendi nyingi hufanya ili nusu ya fungu hilo ibaki nyumbani. Hata Aerosmith wa Marekani, walipotoa albamu yao ya bluzi mwaka 2004, waliweka ndani yake wimbo wao mpya. Rolling Stones hawakuweka hata mmoja, na kwao hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutoa albamu ya studio ya namna hiyo. Ilifika nafasi ya kwanza Uingereza, na Januari 2018 ikashinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya bluzi ya asili. Maana yake ni kwamba fungu la utunzi katika mauzo yote hayo lilikwenda kwenye hakimiliki za nyimbo za Willie Dixon, Chester Burnett, Walter Jacobs, Jimmy Reed na wengineo. Tukikumbuka yaliyowapata Robert Wilkins na Robert Johnson, huko ndiko kurudi kwa kweli ninakokuzungumzia.

Ama kuhusu wanaouliza haki ya Waingereza kuimba bluzi, sitaki kulipuuza swali lao kwa jibu jepesi kwamba muziki hauna mipaka. Mipaka ilikuwapo, na waliouvuka mpaka huo kwa faida walikuwa weupe kwa miaka mingi kabla weusi hawajaalikwa kuuvuka. Ninachoweza kusema ni kwamba wenye muziki wenyewe hawakuwafungia mlango vijana hawa. B.B. King alikubali kufungua maonyesho yao katika ziara ya Marekani ya mwaka 1969, na Buddy Guy pamoja na Junior Wells wakafanya hivyo Ulaya mwaka 1970. Tarehe 22 Novemba 1981 Jagger, Richards na Wood walikwenda katika klabu ya Checkerboard Lounge, kusini mwa jiji la Chicago, na Muddy Waters akawapandisha jukwaani kwake, katika chumba kidogo, akawaimbisha nyimbo zake. Ukiitazama picha ya usiku ule unaona nani ni mwalimu na nani ni wanafunzi. Hata hivyo, ukarimu wa Muddy Waters haufuti deni la mtu yeyote, na mwenye kutumia picha hiyo kama risiti ya malipo anakosea. Deni la muziki hulipwa kwa jina na kwa mrabaha.

Hapo ndipo ninapofika kwa waandishi na watangazaji wa muziki wanaotumia lugha yetu, ambao ndio hasa walionisukuma kuandika. Nimesoma na kusikia uchambuzi mwingi wa albamu hii na wa nyingine zinazofanana nayo, na mara nyingi sana sifa zote humwagiwa bendi, umri wa Jagger hutajwa, utajiri wao hutajwa, na watunzi hufunikwa na maneno mawili, "nyimbo za zamani". Bendi imeyaandika majina hayo kwenye jalada; sisi tunayafuta tena kwa uvivu. Msomaji anayeelezwa kwamba Rolling Stones wamerekodi "bluzi ya zamani" hapewi njia ya kumfikia Eddie Taylor, ambaye gitaa lake liliibeba sauti ya Jimmy Reed kwa miaka mingi huku jina lake likibaki nyuma, wala Magic Sam, aliyefariki mwaka 1969 akiwa na miaka 32, wala Lightnin' Slim wa Louisiana, ambaye nadhani wasikilizaji wengi wa albamu hiyo hawajawahi kulitamka jina lake.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Mwezi Oktoba 2023 bendi hiyo ilitoa albamu nyingine, safari hii yenye nyimbo ilizozitunga yenyewe, lakini wimbo wa kuifunga ni ule ule wa Muddy Waters wa mwaka 1950 ulioipa bendi jina, ukipigwa na Jagger na Richards wawili tu. Miaka 61 ilikuwa imepita tangu walipolichukua jina hilo bila kuwa wamewahi kuuimba wimbo wenyewe katika albamu yao ya studio.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo na halina gharama. Kila ukurasa wako wa burudani unapochambua albamu ya nyimbo zilizorudiwa, uchapishe pembeni jina la mtunzi wa kila wimbo, jina la aliyeurekodi kwanza, na mwaka. Mahali panatosha, kwani picha ya msanii hupewa nafasi kubwa kuliko hiyo. Na kwa msomaji anayetaka kuanza leo, ningemshauri asianze na Rolling Stones. Aanze na rekodi za Little Walter za miaka ya 1950, kisha Howlin' Wolf, kisha Muddy Waters, na baada ya hapo aisikilize Blue & Lonesome, naye ataweza kuhukumu mwenyewe ni wapi wazee hawa wameubeba wimbo vizuri na ni wapi umewashinda.

Wako mwaminifu,
Msomaji na mpenzi wa bluzi